Boi Amemaliza Kazi

Walimu wenzangu,

Niliporudi mliniuliza pale chumba cha walimu, "Mwalimu Boi, safari?" Nikajibu "Salama," nikachukua chaki nikaenda darasani. Haikuwa salama. Mmenipa pole za kufiwa na nimezipokea, lakini lile hasa la kunipa pole hamlijui. Naliandika kwa sababu kwa mdomo nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kuzungumzia mvua.

Musoma hadi Lamadi

Simu ya maandishi ya dada yangu Esta ilikuwa na maneno matatu: BABA HASEMI NJOO. Esta anaishi Somanda, pale Bariadi mjini, jirani na hospitali, na baba alikuwa kwake tangu mama afariki. Nikapanda moja ya yale mabasi ya watu binafsi tuliyoletewa na soko huria, yenye picha ya ndege ubavuni na matairi yaliyokwisha meno. Lilipaswa kuondoka alfajiri. Tuliondoka jua likiwa limeshachoma paa.

Tulipoipita Bunda kidogo, mpira wa maji wa injini ukapasuka. Dereva, mtu mzima mwenye mafuta hadi viwikoni, akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akafunga, akakaza kwa waya. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na suti yangu ya mtumba yenye vumbi la chaki, nina haraka na nina hasira, nikasema kwa sauti ili wenzangu wasikie: "Kazi ya Kiafrika hiyo."

Abiria wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ni msemo wetu wa kila siku, hata ninyi mnausema chaki ikikatika. Dereva hakugeuka.

"Huo uliopasuka ndio wa Kizungu, mwalimu," alisema. "Huu wa Kiafrika ndio utakaokufikisha."

Ulinifikisha. Nilishuka Lamadi saa nane mchana, na sikumwomba radhi.

Lamadi hadi Bariadi

Basi liliendelea na njia yake ya Mwanza, mimi nikabaki kutafuta gari la Bariadi. Hakukuwa na gari. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na malori ya samaki yalikuwa yamepanga foleni, barafu ikiyeyuka na kudondoka chini. Nikaingia mgahawani, nikaletewa sato wa kukaanga na ugali, samaki mwenyewe amezidi sahani mbele na nyuma. Nakiri nilikula vizuri. Sikujua bado habari zilivyokuwa.

Meza ya pili alikaa mzungu mwenye kaptura na soksi ndefu. Mwenye kutuhudumia alikuwa mzee mwenye mvi, pengine amenizidi miaka kumi. Mzungu akapiga meza kwa kiganja.

"Boi!"

Mzee akageuka. Na mimi nikageuka. Tuligeuka pamoja, tukatazamana, na nikawa nimeshafungua mdomo kuitika.

"Chai hii baridi. Lete ingine. Upesi."

Mzee alipokuja kwangu kuondoa sahani, nikamuuliza kwa chini kama anapenda kuitwa vile. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama anapenda mvua.

"Wamerudi hawa, mwalimu," akasema. "Walikuwa wamekwenda, sasa wamerudi na hela zao. Mimi nina watoto saba."

Yule mzungu ndiye aliyenipa lifti. Nawaambia hivyo msije mkadhani ninasimulia habari za shetani. Alikuwa mtu wa kusaidia. Alizaliwa Kenya, alikuwa anajenga kambi ya watalii upande wa mbuga, na alikuwa anakwenda Bariadi kutafuta maseremala. Aliposikia mgahawani kwamba nina mgonjwa, akanifungulia mlango wa mbele wa Land Rover yake. Kiswahili chake kilikuwa kile walichokuwa wakisemeshwa baba zetu jikoni.

Tulikwama mara tatu. Mara ya tatu tulisukuma pamoja, tope likaturukia wote wawili, na tuliporudi ndani akaniuliza, "Jina yako nani?"

"Boi," nikasema.

"Hapana. Mimi nauliza jina yako."

"Ndilo hilo. Yohana Boi. Boi ni jina la baba."

Alicheka mpaka gari likataka kurudi mtaroni. Alifuta macho kwa mkono wenye tope. Kisha akaongea tena, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Boi hapana jina, mwalimu. Boi ni kazi. Jina ya baba yako iko wapi?"

Ningeweza kumjibu mengi. Mimi ni mwalimu wa historia, majibu ninayo ya kutosha. Lakini nilitazama nje, mashamba ya pamba yaliyolala kwenye maji, na hasira iliyonipanda haikuwa kwa sababu ananitukana. Ilikuwa kwa sababu alisema kweli, na kwamba kati ya watu wote duniani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza.

Somanda

Baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wote ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda kando. Lakini macho yalikuwa yake. Nilipoingia wodini alinitazama na nikajua amenitambua.

Muuguzi alikuja na uji. Akainama kwa adabu, akasema, "Mzee Boi, tunywe kidogo."

Baba akageuza uso ukutani.

Nikadhani ni maumivu. Nikamwita mwenyewe, kama majirani walivyokuwa wakimwita kwa heshima maisha yake yote: "Mzee Boi." Akafumba macho na kubana midomo. Uji ukamwagika shingoni.

Esta alinivuta nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, akanisimulia. Siku ile ya kiharusi, asubuhi, kabla ulimi haujafungwa, jirani alipita akamwita kwa salamu kama kawaida. Baba hakuitika. Esta akamwambia, "Baba, unaitwa." Ndipo akasema, kwa sauti iliyokuwa imeanza kuvutika:

"Boi amemaliza kazi. Sasa niiteni mimi."

"Nikamuuliza, nikuiteje?" Esta akasema. "Akafungua mdomo, kaka. Akafungua akafunga. Sauti haikuja. Mpaka leo haijaja. Nikimwita Baba ananitazama, lakini anangoja. Unamwona kabisa kwamba anangoja."

Niwaeleze huyu Boi alitoka wapi. Baba alipelekwa kwa mzungu wa kiwanda cha kuchambua pamba akiwa bado mchunga ndama. Ulikuwa mwaka wa njaa, na jikoni kwa mzungu kulikuwa na mabaki. Alipofikia umri wa kodi, karani, mweusi kama mimi na mwenye mwandiko mzuri kama wangu, alimuuliza mzungu huyu ni nani. Mzungu akajibu kwamba ni boi wake. Karani akaandika Boi. Baadaye baba akawa mpishi, Uhuru ukaja, akapika miaka mingi katika nyumba ya wageni ya serikali, akastaafu. Kadi ya chama, Boi. Kadi ya hospitali, Boi. Vyeti vyangu vyote mmeviona. Hakubatizwa, kwa hiyo hata kanisa halikuwa na jina lingine la kutupa. Alikuwa akiitwa anaitika haraka mno, hata tukimwita sisi watoto kutoka chumba cha pili. Tuliona ni tabia njema.

Nilikaa siku mbili kando ya kitanda kile nikimkanda mkono. Nilijaribu majina. Nilimwita kwa majina ya Kisukuma yaliyonijia, Masanja, Mabula, Maduhu, kama mtu anayejaribu funguo za watu kwenye kufuli. Kila jina alilisikiliza, kisha macho yakapoa. Muuguzi alidhani nimechanganyikiwa.

"Shangazi Doto yupo," Esta akasema siku ya pili. "Yuko Ipililo. Ndiye aliyemtangulia baba, wa ziwa moja, mama mmoja. Nenda, mimi nitamlisha. Lakini rudi upesi, kaka. Ninaona anachoka kungoja."

Bariadi hadi Maswa

Nilipata lori la mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa wapya waliokuja baada ya pamba ya ushirika kuachiwa watu binafsi. Msimu haukuwa umefika, alikuwa anazunguka kukodi maghala. Nilikaa naye mbele. Njia nzima alikuwa akilalamika kuhusu wakulima wa huku.

"Washenzi hawa. Ukimwambia panda kwa mstari, anapanda kwa mstari ule wa barabarani tu, ili bwana shamba aone. Ndani kwenyewe anatupa mbegu kama babu yake. Mwafrika bila kiboko haendi."

Alikuwa Msukuma wa Magu, huyu. Nilimuuliza babu yake alikuwa akipanda vipi.

"Kama hao hao," akasema, na akacheka kwa dhati, wala hakuona tatizo.

Nilitaka kumsema, ila nilikumbuka ule mpira wa maji. Lori liliharibika kabla ya Maswa. Tulingoja tangu saa nne hadi saa kumi. Mama mmoja aliyekuwa nyuma juu ya magunia alitugawia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, tukatafuna bila maji. Aliniuliza ninakokwenda na nikamwambia ninakwenda kuchukua jina la baba yangu. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama litaenea kwenye mkoba wangu.

Hakuwa anatania. Alidhani ninazungumzia cheti.

Maswa hadi Ipililo

Nililala Maswa, na asubuhi nikakodi baiskeli na mwenye nayo, bwana mmoja mwembamba aliyeniendesha hadi tope lilipozidi, kisha tukatembea tukiisukuma. Kila tuliyekutana naye alitaka salamu kamili: umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, ng'ombe, mvua. Mimi nilikuwa ninajibu huku ninatembea. Mwenye baiskeli alisimama kila mara akajibu mpaka mwisho, nami nikabaki mbele ninamngoja, ninaguna kwa hasira. Nusu siku ilikwisha kwa salamu, na ninaona haya kwamba nililiita hilo, moyoni, upotevu wa wakati wa Kiafrika.

Shangazi Doto alikuwa amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba, anachambua kunde. Hakuona vizuri. Nilipiga goti, nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," na aliponisikia nilivyotamka akajua ni nani.

"Ng'wana Boi," akasema, yaani mwana wa Boi. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili. "Amekufa?"

"Hajafa, shangazi. Anaumwa."

"Basi kula kwanza."

Haikuwezekana kusema neno kabla ya kula. Kukaletwa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na aliyeleta alikuwa mjukuu wake, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto akaanza kulia. Shangazi akanyoosha mkono, akampapasa mguu.

"Nyamaza, Boi. Nyamaza, baba yangu."

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Ndiyo," shangazi akasema kwa fahari, "tumempa jina la baba yako. Na mwingine yuko kule kwa mjomba wao, mkubwa kidogo. Mtu mkubwa yule baba yako. Alikuwa mezani na wazungu. Tulipolitaja kwa wazee waliotangulia, mvua ilinyesha siku ile ile. Wamelipokea."

Alikuwa mezani na wazungu, ni kweli. Alikuwa anaipangusa. Nilimtazama yule mtoto, ana shanga kiunoni na mate kidevuni, na neno lile lililosemwa na mzungu aliyetaka maji yachotwe lilikuwa sasa limepokelewa na mababu. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia Lamadi. Kule nilikuwa na mtu wa kumchukia.

Nikanawa. Nikamweleza ugonjwa, nikamweleza maneno ya mwisho ya baba, nikasema, "Shangazi, nimekuja unipe jina lake. Lile mlilompa hapa."

Alicheka kwanza. Meno yake yalikuwa mawili. Kisha akaona sicheki, akaacha kunde.

"Wewe ni mwalimu bado?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi naitwa nani?"

"Doto."

"Niliyezaliwa naye, yule aliyekufa kwa surua?"

"Kulwa."

"Sisi ni mapacha. Na baba yako ndiye aliyetufuata tumboni. Katikati hakuna mtu." Akaniinamia, akasogeza sikio. "Haya, mwalimu. Aliyetufuata anaitwa nani?"

Sikuambiwa na mtu. Nililisema mwenyewe, kwa kinywa changu.

"Shija."

"Sasa ulikuwa nalo," shangazi akasema, hakuwa amekasirika, alikuwa anashangaa tu. "Umekuja kulichukua kwangu la nini?"

Ninyi wenzangu wa Mara na wa Kilimanjaro nitawaeleza. Kwetu mtoto anayefuata mapacha hatafutiwi jina. Limeshamngoja. Ni Shija, na hakuna Msukuma asiyejua, hata mlevi. Nilipoanza kazi Maswa nilikuwa na akina Shija watano darasa moja, nikawaambia hayo ni majina ya kishamba, nendeni mkalete ya ubatizo, na wakaleta. Maisha yangu yote nimejua kwamba nina shangazi Doto, na kwamba pacha wake alikuwa Kulwa, na kwamba baba aliwafuata. Sikuwahi kuyaweka pamoja. Nilimwona baba jikoni, nilimwona na aproni, sikuwahi kumwona akiwa mtoto wa tumbo la mtu. Boi hana aliyemtangulia. Boi huanzia mlangoni kwa mzungu.

Na nilikuwa nimekaa siku mbili kando ya kitanda chake, ninataja kila jina isipokuwa hilo.

Kurudi

Nilimwomba shangazi kitu kimoja, kwamba mtoto yule wamwite Shija. Alikataa. Alisema Shija ni la aliyezaliwa baada ya mapacha, haliwezi kupewa mwingine hivi hivi, na jina la Boi limeshatajwa, wazee hawaambiwi mara mbili. Nilibishana na mwanamke mzee asiyeona, mbele ya uwanja wake, na nikashindwa.

Mvua ilinyesha Maswa yote. Mto wa kwanza tulivuka maji yakiwa kiunoni. Wa pili haukuvukika. Tulikaa ukingoni siku nzima, watu labda ishirini, tunatazama maji ya kahawia yakipita na matawi. Kulikuwa na mihogo ya kuchoma. Sikuweza kuimeza. Nilitembea kwenye majani nikilisema lile jina kwa sauti, nikijaribu nitalitamkaje, kwa nguvu au taratibu, kama mama yake alivyomwita kutoka zizini au vipi. Mwenye baiskeli alinisikia, akaendelea kukwangua tope kwenye magurudumu. Maji yaliposhuka kidogo, aliniambia tu, "Twende, ng'wana Shija." Nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Nilifika Somanda siku ya nne tangu nilipoondoka, mchana. Kabla sijaiona nyumba ya Esta niliona vitenge. Wanawake walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, na sufuria kubwa la uji lilikuwa limebebwa na mawe matatu.

Alikuwa amefariki asubuhi ile. Esta alisema aliamka vizuri, macho yakawa mlangoni muda wote, na hakukubali kugeuzwa upande.

"Umelipata?" akaniuliza.

"Shija."

Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Doto," akakaa chini palepale, akaweka pindo la khanga mdomoni. Naye alikuwa amejua siku zote.

Tulimzika siku iliyofuata. Fundi alikuwa ameshaandika ubao wa kaburi, kwa rangi nyeupe na herufi nzuri zilizonyooka: MZEE BOI. Nikamwomba aandike upya. Akasema kwa heshima kwamba ubao lazima ulingane na kibali cha mazishi, na kibali kimelingana na kadi ya hospitali, na kadi ya hospitali imelingana na zile kadi nyingine zote. Alinionyesha. Vyote vililingana.

Zamu yangu ya kutupa udongo ilipofika, niliinama juu ya shimo. Nilikuwa nimejizoeza siku nzima kule mtoni, kwa hiyo halikunishinda. Nikamwita, mara moja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali kidogo: "Shija!"

Watu wakatazamana. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimuuliza mwenzake, Shija ni nani.

"Labda ni ndugu yake," mwenzake akamjibu, "alikufa zamani, akiwa mtoto."

Nimesahihisha watu miaka ishirini. Huyo sikumsahihisha.